Kutoka Sauti ya Unguja hadi ZBC: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu redio na televisheni ya Zanzibar

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoandika kazi zao za skuli, na watu wa Bara waliowahi kuinasa TVZ (Televisheni ya Zanzibar) utotoni wakabaki na hamu ya kujua ilitoka wapi. Wengine ni wazee wanaotaka kusahihisha tarehe. Hayajapangwa kwa umuhimu. Yako yanayojibiwa kwa mstari mmoja, na yako ambayo ukiyafungua hayafungiki.

ZBC ndiyo ipi? Mbona zinatajwa mbili?

Zinatajwa hata tatu. Kwanza ni Shirika la Utangazaji Zanzibar, lenye redio na televisheni, na hilo ndilo tunalolizungumza hapa. Pili ni Tume ya Utangazaji Zanzibar, ambayo kwa Kiingereza nayo hufupishwa ZBC, lakini haitangazi kitu. Kazi yake ni kutoa leseni na kusimamia vituo. Tatu ni shirika la Zimbabwe, lisilotuhusu kabisa. Ukisoma kwamba "ZBC imekifungia kituo fulani", iliyofungia ni Tume. Shirika haliwezi kumfungia mtu.

Redio ya Zanzibar ilianza lini?

Mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza na Sultani, kwa jina la Sauti ya Unguja. Mwaka huohuo Dar es Salaam nayo ilianza kutangaza, kwa hiyo ule ubishi wa nani mkubwa kati ya redio ya Zanzibar na ya Tanganyika ni ubishi wa miezi tu. Nairobi ndiyo iliyowatangulia wote, ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa miaka ya 1920. Ila yale yalikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza. Mswahili wa pwani hakuwamo katika hesabu.

Wapemba wengi hadi leo hukuuliza: kwa nini "Sauti ya Unguja" na si ya Zanzibar nzima? Kwa lugha ya zamani "Unguja" lilitumika mara kwa kisiwa, mara kwa mji, mara kwa dola yote ya Sultani. Hata hivyo Mpemba aliyekaa na redio yake Wete akasikia "hii ni Sauti ya Unguja" alikuwa na haki ya kukunja uso.

Kabla ya hapo watu walisikiliza nini?

Santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi nyimbo kwa Kiswahili, na santuri zake zikaenea pwani yote, visiwani na Bara. Penye gramafoni watu walijaa barazani. Siti alifariki mwaka 1950, kabla redio ya kwao haijafungua kinywa. Kwa hiyo yule aliyeifanya sauti ya Kizanzibari ijulikane Afrika Mashariki yote aliitangulia redio, wala hakuihitaji.

Baadaye wenye redio za mawimbi mafupi wakapata BBC, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwezi Juni 1957. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, Cairo ya Gamal Abdel Nasser nayo ikaingia na matangazo ya Kiswahili yaliyowashambulia wakoloni waziwazi. Hapo ndipo serikali ya Unguja ilipojikuta na mshindani ndani ya nyumba za raia wake. Mtu akifungua Sauti ya Unguja anasikia taarifa za serikali na muziki. Akizungusha kitufe cha stesheni kidogo, anasikia Mwingereza anatukanwa kwa Kiswahili fasaha. Unajua mwenyewe kitufe kilielekea wapi saa za usiku.

Kwa nini redio iliwekwa Raha Leo?

Mji wa Unguja wakati ule ulikuwa miji miwili: Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na Ng'ambo, upande wa pili wa ghuba iliyokuja kufukiwa, walikokaa Waafrika wengi katika nyumba za udongo na makuti. Raha Leo ipo Ng'ambo. Palikuwa na jengo la kiraia lenye ukumbi wa mikutano na shughuli za watu, na redio ikawa hapo. Kwa mkoloni huo ulikuwa uamuzi wa kawaida wa mipango miji. Baadaye ulikuja kuwa na uzito ambao hakuna aliyeuwazia, kama utakavyoona katika swali linalofuata.

Nini hasa kilitokea redioni tarehe 12 Januari 1964?

Zanzibar ilikuwa imepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Siku 33 baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili, wanamapinduzi waliivamia ghala ya silaha ya polisi Ziwani na kituo cha polisi cha Mtoni. Redio, iliyokuwa Ng'ambo katikati ya watu wao, wakaichukua pia. Asubuhi watu walifungua redio wakasikia sauti ya mtu wasiyemjua.

Mtu huyo alikuwa John Okello, mzaliwa wa kaskazini mwa Uganda aliyewahi kuishi Pemba, na aliyejiita Field Marshal. Ukiwauliza wazee waliokuwapo, wengi hawaanzi na alichokisema, wanaanza na lafudhi. Wazanzibari walizoea kusikia redioni Kiswahili cha mjini, laini, cha "tafadhali" na "inshallah". Siku ile walimsikia mtu wa bara kabisa, anayevunja maneno kwa nguvu, anatoa amri na vitisho vyenye hesabu za ajabu: muda wa dakika kadhaa, idadi ya watakaouawa, adhabu ya kila kosa. Watu wengi wakajua kuwa dunia imegeuka kabla hawajamwona mtu mwenye silaha. Serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte ilianguka siku hiyohiyo, na Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli na familia yake.

Wanahistoria bado wanabishana juu ya uzito wa Okello katika kuyapanga Mapinduzi. Wapo wanaosema alikuwa kiongozi kweli, wapo wanaosema alikuwa sauti tu. Maoni yangu ni kwamba neno "tu" hapo linapotosha. Katika kisiwa ambacho simu zilikuwa za wachache na barabara siku ile hazipitiki, aliyekuwa na maikrofoni ndiye aliyewaambia watu nani anatawala. Miezi michache baadaye Okello mwenyewe alikwenda safari, na aliporudi akazuiwa kuingia Zanzibar. Alikuwa ameshaikosa maikrofoni.

Jina lilibadilika vipi baada ya Mapinduzi?

"Sauti ya Unguja" liliachwa, na jina lililodumu muda mrefu zaidi likawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, maarufu STZ. Ukikuta mtu anaandika kwamba STZ ilizaliwa Januari 1964, mrudishe kwenye kalenda. Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na neno "Tanzania" lenyewe lilianza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huo. Jina lenye neno hilo haliwezi kuwa la kabla ya hapo.

Ni kweli TVZ ilikuwa televisheni ya kwanza ya rangi Afrika?

Ukisema "Afrika kusini mwa Sahara" utakuwa umesimama pagumu. Ukisema "Afrika yote", jiandae kubishana na watu wa kaskazini mwa bara.

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vitabu vingine huandika 1973, vingine 1974, maana katika utangazaji kuna siku mtambo unapowashwa na kuna siku ya sherehe, na kila mwandishi huchagua yake. Hiyo tofauti ya miezi haibadilishi kitu, kwa sababu waliofuata walikuwa mbali. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 lakini nyeusi na nyeupe, na rangi ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Uganda ilianza 1963, nayo bila rangi. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na televisheni ya aina yoyote mpaka Januari 1976, kwa sababu serikali ya makaburu iliiogopa. Kwa hiyo ndiyo, kwa muda fulani mtoto wa Michenzani aliweza kuona picha za rangi kutoka kituo cha kwao, wakati mtoto wa Johannesburg hana hata kituo.

Kisiwa kidogo kilipata wapi fedha za kufanya hivyo?

Kwenye karafuu. Zanzibar ilikuwa muuzaji mkubwa wa karafuu duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 bei ilipanda sana, hasa kwa sababu Indonesia, wanaotia karafuu kwenye sigara zao, walikuwa wanunuzi wakubwa. Serikali ya Mapinduzi ilikusanya akiba nzuri ya fedha za kigeni. Sheikh Abeid Amani Karume alipenda miradi inayoonekana: majumba marefu ya ghorofa Kikwajuni na Michenzani, yaliyoanza kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni ya roho hiyohiyo. Yeye aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na televisheni ikaja kuwaka wakati wa Mzee Aboud Jumbe.

Sehemu kubwa ya karafuu hizo ilitoka Pemba. Wachumaji waliopanda mikarafuu kule ndio waliolipia mtambo, wakati wao wenyewe walikuwa mbali na mtambo huo na wengi hawakuwa na umeme. Lawama hiyo ipo, ya haki, na haijazeeka.

Kwa nini Zanzibar iliwahi na Bara ikachelewa miaka 20?

Kwa sababu Mwalimu Nyerere hakutaka. Aliiona televisheni kuwa anasa ya watu wachache wa mjini katika nchi ambayo vijiji vingi havina maji wala zahanati. Redio aliitaka, na aliitumia kweli: elimu ya watu wazima, kilimo, afya, ukombozi wa kusini mwa Afrika, yote yalipita Radio Tanzania Dar es Salaam. Utangazaji haukuwa jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar iliamua yake na Bara ikaamua yake.

Televisheni ya Bara ilianza mwaka 1994 kwa vituo vya watu binafsi, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993. Ya serikali, TVT, ilikuja 2000. Nani alikuwa sahihi? Mimi hujibu kwamba Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu zahanati. Lakini kuna kizazi kizima cha mafundi wa kamera, wahariri na watangazaji ambacho Zanzibar ilikilea na Bara ikakikosa.

Watu wa Dar es Salaam waliionaje TVZ?

Kwa ujanja wa antena. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu na mstari mnyoofu. Mlima huyazuia, na mviringo wa dunia huyapoteza. Kutoka mji wa Unguja hadi Dar ni kama kilomita 70, na njia yote ni bahari tupu, hakuna kilima cha kuyazuia. Bagamoyo ni karibu zaidi. Ukiwa na nguzo ndefu na antena nzuri, picha inakuja.

Inakuja, lakini kwa masharti. Upepo ukivuma antena inageuka, na picha inajaa chenga. Hapo kijana wa nyumba hupanda juu ya bati, baba yuko chumbani mbele ya seti, na mtu wa tatu dirishani anapeleka maneno.

"Imekaa?"

"Bado! Rudisha kidogo. Kidogo nimesema!"

"Hapo?"

"Hapo hapo! Usiiguse tena!"

Anateremka, anaingia ndani, na picha inaondoka. Mwili wa yule kijana uliokuwa umeshika nguzo ulikuwa sehemu ya antena. Mambo hayo hayaelezeki kwa mzee aliyekuwa anasubiri mpira.

Na visiwani kwenyewe, kila nyumba ilikuwa na seti?

Hata kidogo. Seti ilikuwa ghali, na umeme haukuwa umefika mashamba mengi. Kutazama kulikuwa kwa pamoja: ukumbini, tawini, au kwa jirani aliyejaaliwa. Mwenye televisheni alifungua mlango jioni akajua kuwa sebule si yake tena mpaka matangazo yafungwe. Watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, kina mama pembeni au nje ya dirisha. Ukitaka kujua heshima ya mtu mtaani, ulitazama alikalishwa wapi.

Redio ya kisiwa ilisikikaje mpaka Ulaya na Japani?

Hili huulizwa na wapenzi wa mawimbi mafupi, kundi la watu wenye subira ya ajabu, wanaokesha wakitafuta vituo vya mbali na kuandika barua kuomba uthibitisho kwamba kweli wamekisikia kituo. Kwao Zanzibar ina jina kubwa kuliko ukubwa wake kwenye ramani.

Siri ilikuwa mtambo wa Dole, nje ya mji. Kutoka hapo kituo kilirusha kwenye kilohezi 11735, ambayo ni bendi ya mita 25, na pia kwenye kilohezi 6015, bendi ya mita 49. Mawimbi mafupi hupanda juu, yanagonga tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kisha yanateremka maelfu ya kilomita mbele. Kusudi halikuwa kumfurahisha Mjapani. Kusudi lilikuwa kuifikia Pemba na mwambao wote kwa uhakika. Lakini wimbi likishapaa halina paspoti, likamfikia mtu wa Osaka aliyekuwa amevaa spika masikioni usiku wa manane, akasikia ganuni na fidla kutoka Unguja. Saa 3 usiku kwa saa zetu kulikuwa na taarifa ya habari kwa Kiingereza kutoka Spice FM, na wapenzi hao waliijua saa hiyo kuliko Wazanzibari wenyewe.

Chumbuni kulikuwa na mtambo wa mawimbi ya kati, kilohezi 585. Huo ndio uliokuwa ukisikika mashamba na baharini. Mvuvi mwenye redio ya betri ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa anasikiliza Chumbuni hata kama hakuwahi kulisikia jina hilo. FM ilipokuja, sauti ikawa safi ila fupi. Unaisikia nyumbani kama mtu yumo chumbani, ukitoka nayo kwenda mbali baharini inakuacha.

Kwa nini matangazo ya vifo yalikuwa makubwa namna ile?

Kwa sababu maziko ya Kiislamu hayasubiri. Mtu akifariki asubuhi, huenda akazikwa baada ya adhuhuri au alasiri. Ndugu yuko Makunduchi, mwingine Nungwi, mwingine Chake Chake, simu hakuna. Redio ndiyo pekee iliyoweza kuwafikia wote kabla ya jeneza kunyanyuliwa.

Tangazo lenyewe lilikuwa na umbo lake, na atakayelisikia mara moja halisahau. Mtangazaji anashusha sauti. Linatajwa jina la anayetangaza, halafu la marehemu, halafu msururu: "habari ziwafikie" fulani wa mahali fulani, na fulani wa mahali fulani, na jamaa wote popote walipo. Maziko saa fulani, msikiti fulani. Kila jina na kijiji chake. Nyumbani mtu akisikia mlio unaoitangulia sehemu hiyo, bibi anainua kidole na hakuna anayetikisa kikombe. Watoto wanajifunza kunyamaza kabla hawajajua kwa nini. Kisha ama bibi anapumua na kusema "Mwenyezi Mungu awarehemu", kazi ikaendelea, ama anasimama ghafla kutafuta buibui lake.

Nalitaja swali hili pamoja na lile la 1964 kwa makusudi. Maikrofoni iliyoitangaza serikali mpya ndiyo hiyohiyo iliyomtangaza marehemu wa Kizimkazi. Wanaoandika juu ya chombo cha serikali hupenda kutazama upande mmoja: ama ni mdomo wa watawala, ama ni sauti ya watu. Kwa Wazanzibari ilikuwa vyote viwili katika siku moja, na mtu aliyeichukia taarifa ya habari ya saa 2 hakuthubutu kuifunga redio saa ya vifo.

Ramadhani ilikuwa hivyohivyo. Usiku wa mwezi 29 wote wanasubiri: mwezi umeandama au haujaandama? Walio karibu na bahari wanatazama angani, walio ndani wanaitazama redio.

Taarab ilikuwa na nafasi gani?

Kubwa mno. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, chenye mizizi katika harakati za vijana wa Afro-Shirazi mwishoni mwa miaka ya 1950, vilitegemea redio ili vifike kusikopelekwa ala. Redio nayo ilivitegemea, kwani ungejaza saa ngapi kwa hotuba? Kanda zilizorekodiwa katika studio za redio ndiyo njia pekee iliyotuwezesha leo kuwasikia waimbaji ambao hawakuwahi kutoa santuri. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa majukwaa ya ng'ambo. Sisi tulimjua kwanza kwa kumsikia jikoni.

Redio hii iliathiri Kiswahili?

Iliathiri, ila si kwa namna inayosemwa sana. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, miaka mingi kabla ya redio. Ilichofanya redio ni kuwaonyesha watu wa Bara kwamba kile Kiswahili cha kitabu kina wenyewe, na kwamba wenyewe wanakisema haraka kuliko kitabu, wanameza silabi na kutia mzaha. Mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa mwalimu wa lugha bila chaki.

Umeme ulipokatika 2008 na 2009 vituo vilifanyaje?

Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 ukaharibika, na kisiwa kikakaa gizani kama mwezi mmoja. Desemba 2009 ukaharibika tena, na safari hii giza lilidumu miezi 3, hadi Machi 2010.

Kituo chenye jenereta kinaweza kurusha matangazo, lakini mtazamaji asiye na jenereta ataonea wapi? Televisheni ikawa samani. Redio ndogo za betri zilizokuwa zimetupwa juu ya kabati ziliteremshwa, zikapanguswa vumbi, na betri zikapanda bei madukani. Waliokuwa wameshaanza kusema redio imekufa walinyamaza kidogo miezi ile. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulikamilika 2013.

STZ na TVZ ziliunganishwa lini?

Mwaka 2013, kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi iliyounda Shirika la Utangazaji Zanzibar. Kabla ya hapo redio ilikuwa idara na televisheni ni nyingine, kila moja na mkuu wake. Watu wengi bado wanasema "TVZ" kwa mazoea, na hakuna atakayekushitaki.

Sasa ni chombo cha umma au cha serikali?

Kisheria ni shirika la umma. Kimazoea ni la serikali, na wapinzani wa kila zama wamelalamika kwamba hawapewi nafasi sawa, hasa wakati wa uchaguzi. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alipotangaza kuufuta uchaguzi mkuu wa Zanzibar, tangazo hilo liliwafikia watu kupitia ZBC. Ukilitazama hilo pamoja na 1964 utaona kwamba mambo makubwa ya visiwa hivi yana kawaida ya kuanzia pale pale, mbele ya maikrofoni ya serikali.

TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wana mamlaka juu yake?

Katika masuala ya utangazaji Zanzibar, hapana. Msimamizi ni Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Tume hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi visiwani.

ZBC ni tawi la TBC?

Hapana. TBC ni ya Bara, imepata jina hilo 2007 baada ya Radio Tanzania na TVT kuunganishwa. Ni ndugu, kila mmoja na nyumba yake.

Nataka kuandika historia ya kituo hiki. Nianzie wapi?

Anza Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar, ambako zipo karatasi za utawala wa kikoloni na magazeti ya zama zile, yakiwamo Mwongozi na Afrika Kwetu. Utaona pande mbili za siasa za miaka ya 1950 zilivyoandikana. Kwa sauti zenyewe, harakisha. Ukanda wa sumaku hauipendi hali ya hewa yetu: unyevu wa bahari huufanya unate, joto huukunja, na ukanda uliokwisha nata unaweza kuchubuka siku unapochezwa, ukawa umesikika mara ya mwisho. Zaidi ya hayo, zama za uhaba wa kanda vituo vingi duniani vilirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani, kwa hiyo usishangae ukikuta boksi lina jina la wimbo na ndani mna hotuba.

Halafu nenda kwa wastaafu: fundi mitambo kabla ya mtangazaji. Mtangazaji atakusimulia yeye mwenyewe. Fundi atakwambia mtambo ulizimika lini, nani alipiga simu, na waliweka santuri gani hewani wakati wanahangaika kuuwasha.